Bata wa kuchoma: Wa mwituni ni marufuku, wa kufugwa ana mapishi yake

NYAMA ya bata ni adimu mezani katika kaunti za Meru na Embu, ambako mbuzi na kuku ndio hutawala majiko ya nyama choma. Hata hivyo, ndege huyu si mgeni. Bata hufugwa vijijini, nao wenzao wa mwituni huonekana katika mabwawa ya Mto Tana yanayopakana na eneo la Mbeere, kuanzia Masinga na Kamburu hadi Kiambere, na katika mashamba ya mpunga ya Mwea, kaunti jirani ya Kirinyaga.

Miongoni mwa ndege hao wa mwituni ni bata bukini wa Misri, bata bukini mkubwa mwenye mwiba katika kiungo cha bawa, na bata mdogo mwenye uso mweupe ambaye hulia kama apigaye mluzi. Wote huvutia macho ya mwenye njaa. Lakini anayetamani kuwatia jikoni hana budi kuzingatia mambo mawili kwanza: sheria na sumu.

Sheria

Marufuku ya uwindaji iliyotangazwa nchini mwaka 1977 haikuwahusu ndege wote, kwani baadhi yao waliendelea kupigwa risasi kwa leseni. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilikaza kamba. Inaharamisha uwindaji wa kujiburudisha na hata ule wa kujitafutia kitoweo. Kadhalika, kupatikana na nyama ya mnyamapori yeyote ni kosa. Mkulima ambaye mpunga au mboga zake zinaharibiwa na bata wa mwituni anapaswa kupiga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), si kutega mitego.

Sumu

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia, watafiti waligundua kuwa watu walikuwa wakiua ndege kwa kabofurani, dawa ya kuua wadudu iliyouzwa kwa jina la Furadan, kisha kuwauza kama kitoweo. Dawa hiyo hushambulia mishipa ya fahamu, na kupika si njia ya kuaminika ya kuiondoa katika nyama. Mnunuzi anayeuziwa ndege aliyekwisha kunyonyolewa kando ya barabara hawezi kujua alivyokufa.

Kwa nini mapishi hutofautiana

Maadamu wa mwituni hawaliwi, anayebaki ni bata wa kufugwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Vitabu vya mapishi vya Ulaya na Marekani, ambako uwindaji wa bata huruhusiwa kwa misimu, huelekeza nyama ilowekwe katika siki au divai pamoja na mafuta, kisha ichomwe upesi juu ya moto mkali. Ushauri huo unamfaa ndege arukaye masafa marefu, ambaye nyama yake ni nyeusi, kavu na haina mafuta mengi.

Bata wa kufugwa ana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Akiwekwa juu ya moto mkali, mafuta hudondoka kwenye makaa, ndimi za moto huruka, ngozi huungua na ndani hubaki mbichi. Kwa hiyo yeye haongezwi mafuta, na moto wake huwa wa wastani.

Kutayarisha

Manyoya ya bata hayapitishi maji kwa urahisi. Tia sabuni kidogo katika maji ya moto yasiyochemka kabla ya kumtumbukiza na kumnyonyoa, kisha umsuuze vyema. Ondoa tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia, kwani ikiachwa huharibu ladha. Mkate vipande, ukitenga kidari na mapaja. Chanja ngozi ya kidari kwa kisu bila kufikia nyama, ili mafuta yapate pa kutokea.

Kuloweka katika viungo

Kwa bata wa kilo mbili, twanga punje sita za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kinachotoshana na kidole gumba. Changanya na kijiko kimoja cha mezani cha chumvi na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, kisha upake vipande vyote. Chumvi huhitaji muda ili ipenye, hivyo nyama ilale katika jokofu usiku mmoja. Pasipo jokofu, saa mbili mahali pa baridi zatosha.

Maji ya ndimu mbili yatiwe katika saa ya mwisho tu. Ukali wa ndimu hauingii ndani sana, nao ukikaa mno huifanya nyama ya juu kuwa kavu. Kwa mapaja ya bata mzee, kijiko cha chai cha papai bichi lililosagwa husaidia kulainisha, lakini kisizidi saa moja, la sivyo nyama huwa kama uji.

Kuchoma

Mapaja huanza sufurianini. Yachemshwe polepole kwa maji kidogo kwa dakika 40 hadi 60, au zaidi kwa ndege aliyekomaa, hadi yalainike. Kidari hakichemshwi.

Sogeza makaa upande mmoja wa jiko, weka kidari upande usio na makaa ngozi ikiangalia chini, na chombo cha kukinga mafuta chini yake. Mafuta yakishapungua, geuza. Mwishoni sogeza vipande vyote juu ya makaa kwa dakika chache ili ngozi ikauke. Asali, ambayo hupatikana Mbeere na Tharaka, ipakwe wakati huo tu kwa sababu sukari yake huungua haraka. Nyama imeiva joto la ndani likifika nyuzi 74 za Selsiasi. Viungo vilivyogusa nyama mbichi visipakwe tena kabla ya kuchemshwa.

Bata bukini wa kufugwa hupikwa vivyo hivyo, ila ni mkubwa, ana mafuta zaidi na huhitaji muda mrefu. Mafuta yaliyokingwa yachujwe na kuhifadhiwa, maana hukaangia viazi na mboga vizuri. Nyama yenyewe huenda na mukimo au ugali, pamoja na kachumbari ya kukata mafuta.

Aliye salama zaidi ni bata anayenunuliwa akiwa hai, kutoka kwa mfugaji anayefahamika.