BARUA PEPE, Matumizi na Utunzaji Wake

Barua pepe ni waraka uandikwao kwa kompyuta au simu na kupelekwa kwa njia ya intaneti, ukakaa katika seva ya mpelekewa mpaka mwenyewe apate wasaa wa kuufungua. Zama za karatasi, kazi ya barua iligawanywa miongoni mwa watu kadhaa: mkubwa alitoa maneno, mpiga taipu akayapiga, karani wa masjala akaipa barua nambari ya kumbukumbu na kuitia jaladani, na tarishi akaichukua hadi ilikotakiwa, ilhali barua pepe imemtwika mtu mmoja kazi hizo zote bila ya kumfundisha hata moja, na aghalabu ya taabu wanazozilalamikia watumiaji wake zatokana na hilo. Makala haya yahusu matumizi na utunzaji zaidi kuliko mitambo.

Asili

Mwaka 1965, katika Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, watu walioshiriki kompyuta moja kubwa waliweza kuachiana maandishi kwa programu iliyotungwa na Tom Van Vleck na Noel Morris, lakini barua hizo hazikuweza kutoka nje ya mashine hiyo. Aliyezitoa ni mhandisi hodari Ray Tomlinson wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman, mjini Cambridge, Massachusetts, ambaye mwaka 1971 alipeleka maandishi kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ingawa mashine zenyewe zilikuwa zimewekwa ubavu kwa ubavu. Naye ndiye aliyeichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine, kwa kuwa ilikuwamo katika kibodi na haikupata kutumika katika majina ya watu.

Malalamiko ya wingi wa barua hayakukawia. Mwaka 1972 tu, Lawrence Roberts, mmoja wa wasimamizi wa ARPANET, aliandika programu ya kuziorodhesha barua, kuchagua ya kusoma, kuihifadhi na kuifuta, maana kabla ya hapo zilifuatana mfululizo na msomaji hakuwa na budi kuzipitia zote. Tarehe 26 Machi 1976 hata Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipeleka barua pepe, alipozuru kituo cha utafiti cha kijeshi huko Malvern. Na tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo la kuuza kompyuta ambalo hawakuliomba, akawa mwasisi wa barua taka. Kanuni ya usafirishaji iitwayo SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel, ilitolewa mwaka 1982. Viambatisho vya picha na sauti vikapata kanuni yao mwaka 1992 kwa juhudi za Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Hotmail ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1996, na Gmail tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na nafasi ya gigabaiti moja, ukarimu uliowastaajabisha watu waliozoea megabaiti chache na kuwafundisha, kwa heri au kwa shari, kutofuta kitu.

Afrika ya Mashariki ilizipokea barua pepe mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikisafirishwa kwa mafungu kwa njia ya simu za waya, Nairobi ikitangulia. Kebo ya baharini ya SEACOM, ya kuiunganisha kanda hii na mtandao wa dunia, ilianza kazi Julai 2009.

Uandishi na adabu zake

Sehemu iliyo muhimu kupita zote ni mada, ambayo mwandishi aliyelelewa katika barua za serikali ataitambua mara moja kuwa ndiyo ile YAH: iliyopigiwa mstari juu ya kila waraka. Mada nzuri humwezesha mpelekewa kujua, kabla ya kufungua, ni jambo gani linalotakiwa kwake na kufikia lini: «Ombi la likizo, 3–14 Agosti» yatosha, ilhali «Habari», «Muhimu» au nafasi tupu ni kumbebesha msomaji kazi ya mwandishi. Kadhalika, barua moja ibebe jambo moja. Kanuni hii waliishika makarani wa masjala kwa sababu kila jambo lilikuwa na jalada lake, nayo haijapoteza nguvu, kwani mtu akichanganya katika waraka mmoja hesabu za mwezi, safari ya Dodoma na ugonjwa wa mwenzake, jibu litakuja kwa moja tu kati ya matatu, na miezi sita baadaye hakuna atakayeipata barua hiyo kwa kuitafuta.

Mintarafu ya salamu, desturi zetu hazikubali mtu avamie haja yake pasipo kumjulia mwenzake hali, wala si vizuri desturi hiyo iachwe kwa kisingizio cha haraka. Lakini mstari mmoja watosha, na haja yenyewe ifuate katika sentensi ya kwanza baada ya salamu, maana wengi husoma kwa simu na huona mistari michache tu. Kijana amwandikiaye mkubwa wa ofisi na kuanza kwa «Shikamoo» hajakosea, japo katika barua ya maombi ya kazi «Ndugu» au «Mheshimiwa» hufaa zaidi. Maneno yaliyoandikwa yote kwa herufi kubwa husomeka kama makelele. Mwisho yaandikwe jina kamili, cheo na nambari ya simu.

Anwani za wapelekewa zina safu tatu, nazo huchanganywa sana. Safu ya kwanza ni ya wale wanaotakiwa kutenda. Ya nakala ni ya wale wanaotakiwa kujua tu. Na ya nakala fiche yafaa hasa pale barua iendapo kwa watu wengi wasiojuana, ili anwani ya kila mmoja isitawanywe kwa wengine bila idhini yake. Kuitumia nakala fiche ili mkubwa asikilize mazungumzo kwa siri ni hila, tena hufichuka siku mkubwa huyo anapojibu wote kwa kusahau. Kitufe cha kujibu wote kisibonyezwe ila pale ambapo kila aliyetajwa ana haja na jibu; «Asante» iendayo kwa wafanyakazi wote wa idara ni adha. Fauka ya hayo, ni tadbiri njema kuijaza anwani baada ya barua kumalizika na kusomwa upya, kwa kuwa waraka usio na anwani hauwezi kutoroka mkononi. Gmail huruhusu barua izuiwe kwa muda usiozidi sekunde 30 baada ya kupelekwa, muda ambao kwa barua iliyoandikwa kwa hasira ni mfupi mno. Ya hasira heri ilale katika rasimu hadi asubuhi.

Viambatisho

Viambatisho visizidi kiwango cha huduma itumikayo (Gmail huruhusu megabaiti 25), na ikumbukwe kuwa faili huongezeka ukubwa kwa kadiri ya theluthi moja linaposafirishwa. Jina la faili liwe bayana.

Utunzaji wa kikasha

Mwaka 1996 watafiti Steve Whittaker na Candace Sidner walieleza kuwa watu ni wa namna tatu: wasiopanga barua kabisa, wanaozipanga kila siku, na wanaoziacha zirundikane kisha wakazisafisha kwa msimu. Mwaka 2011 Whittaker na wenzake waliwachunguza watumiaji 345, wakaona kwamba waliojenga makabrasha mengi hawakuzipata barua zao za zamani kwa ufanisi kuliko waliotegemea kutafuta kwa neno. Kwa hiyo mtu asiipoteze saa yake kwa kuunda kabrasha la kila mteja na kila mwezi. Machache yatosha, na mada nzuri, kama ilivyotajwa, itafanya yaliyobaki.

Linalohitaji nidhamu zaidi ni uamuzi. Kila barua ifunguliwapo iamuliwe papo hapo: ijibiwe, ikabidhiwe mwingine, iwekewe siku yake, ihifadhiwe au ifutwe. David Allen, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu mpango wa kazi, alishauri kwamba jambo liwezalo kumalizwa ndani ya dakika mbili litendwe hapo hapo. Naye mwandishi Merlin Mann alieneza wazo la kikasha kitupu, ambalo wengi walilifahamu visivyo wakadhani sifa ni kufikia sifuri, hali muradi wake ulikuwa kuuondoa moyo wa mtu kikashani. Barua iliyosomwa ikaachwa bila uamuzi husomwa tena mara ya pili na ya tatu, na hiyo ndiyo hasara yenyewe.

Kuhusu nyakati, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa University of British Columbia, katika uchunguzi wa watu 124 uliochapishwa mwaka 2015, waliona kwamba mtu azifunguaye barua mara tatu tu kwa siku hupungukiwa na mkazo wa fikra kuliko azifunguaye apendavyo. Mtumiaji wa kawaida aweza kuweka nyakati zake, tuseme asubuhi, baada ya adhuhuri na kabla ya kufunga kazi, akanyamazisha milio ya simu katikati yake. Ushauri huu hauwafai wenye kungoja oda za wateja wala maafisa wa mapokezi. Barua za matangazo zijitoe zenyewe kwa kanuni ya kuchuja, au mtu ajiondoe katika orodha zake.

Usalama

Kanuni ya SMTP ya mwaka 1982 haikuweka njia ya kuthibitisha mpelekaji, na ingawa kinga zimeongezwa baadaye, jina lionekanalo juu ya barua laweza kughushiwa. Hadaa mbaya zaidi kwa wafanyabiashara ni barua inayojidai kutoka kwa muuzaji anayejulikana, ikisema akaunti yake ya benki imebadilika. Dawa yake ni kumpigia muuzaji kwa nambari iliyokuwapo kabla, wala si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Nywila iwe ndefu, isitumike penginepo, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.

Kwetu kuna hatari nyingine isiyotajwa sana katika miongozo ya kigeni. Waombaji wengi wa ajira na vyuo hufunguliwa anwani na mhudumu wa mkahawa wa intaneti au jamaa, ambaye hutia nambari yake mwenyewe ya simu kwa ajili ya kurejesha nywila. Siku mwombaji anapoisahau, ufunguo u mikononi mwa mtu mwingine, na barua ya wito wa usaili hupita bila kusomwa. Mwenye anwani aingie katika mipangilio, aiondoe nambari hiyo na kuweka yake.

Sheria

Matumizi ya barua pepe yaguswa pia na sheria: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022; Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Ufaransa, tangu Januari 2017, imewatambulia wafanyakazi haki ya kutoshughulika na barua za kazi baada ya saa za kazi.

Hali ya sasa

Ujumbe mfupi umehamia WhatsApp. Barua pepe imebaki katika maombi ya kazi, taarifa za benki na mawasiliano ya ofisi, na Serikali ya Tanzania ina mfumo wake wenyewe wa barua pepe kwa watumishi wa umma, ulio chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao.