Ngazi za Uluguru na Shamba Letu la Mafunzo



Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tumesomeshwa, na sasa tunasomesha, kwa mzigo unaoshuka kutoka Uluguru. Ndizi na mananasi ya Matombo, mdalasini na pilipili manga ya Kinole, karoti, kabichi na njegere za Mgeta huingia Kariakoo usiku, na jua likichomoza zimeshagawanywa kwa wachuuzi. Wenzetu wa maofisini Kivukoni, ambao hawajui tenga linauzwaje, nao hawajaukwepa mlima. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hili hutoka Mto Ruvu, na Ruvu huanzia kwetu. Udongo ukiporomoka kule juu, huku chini mtu huuona kwenye bilauri yake.

Mwaka huu tunachangishana kwa ajili ya shamba la mafunzo ya kilimo hai, litakalotumiwa na wakulima pamoja na watoto wa shule. Kabla ya kutaja fedha, tumeona tuwakumbushe jambo ambalo vijana wetu wengi hawakusimuliwa: si mara ya kwanza watu kupanda mlima ule wakiwa na mafundisho ya kilimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Hofu yao haikuwa ya uongo. Miteremko ilikuwa inalimwa hadi juu, moto ulikuwa unachoma majani kila kiangazi, na mvua ilikuwa inabeba udongo hadi mtoni. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi, yaliyokatwa ubavuni mwa mlima kama vidato. Kila mwenye nguvu alitakiwa kwenda kuchimba siku kadhaa za juma, na asiyekwenda alitozwa faini. Waliosimamia amri hiyo ni viongozi wetu wenyewe wa kienyeji, na hapo ndipo uchungu ulipozidi, kwa sababu mtu alishtakiwa na jamaa yake.

Kilichofuata kila mkulima angeweza kukitabiri, lau angeulizwa. Udongo mzuri wa miteremko mingi kule ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi, tabaka lile hufukiwa na udongo mwekundu usio na rutuba huja juu. Mahindi yalidumaa. Kwingine maji yalituama kwenye ngazi hadi ukingo mzima ukabomoka. Juu ya hayo, ardhi yetu ni ya ukoo, na ukoo wetu huhesabiwa kwa mama. Watu wakaanza kuuliza: mzungu anayetuchimbisha leo, kesho hatasema shamba ni lake kwa kuwa yeye ndiye aliyelitengeneza?

Swali hilo lilikuja wakati nchi nzima inaamka. Julai 1954 TANU ilizaliwa hapa Kariakoo, katika mtaa uitwao leo Lumumba, hatua chache kutoka sokoni, na Patrick Kunambi, mtu wa kwetu, alikuwa mmoja wa waasisi wake. Julai ya mwaka uliofuata watu walikusanyika Matombo kuyakataa matuta. Polisi waliletwa, vurugu zikatokea, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ukafa. Ukitembea kule leo bado utaona alama za ngazi zile, nyingine zimeota magugu.

Wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba Waluguru walikataa ngazi kwa ukaidi. Hatukubaliani nao. Upande wa Mgeta ngazi zipo mpaka leo, tena zinatunzwa. Wakulima wa kule wana namna yao ya kuzitengeneza: majani na magugu hulazwa kwa mistari kukingama na mteremko, kisha udongo wa juu huvutwa ukayafunika, yakaoza na kuwa mbolea. Maji ya vijito huongozwa kwa mifereji hadi kwenye mboga. Kazi ni ile ile ya jembe, na mgongo unauma vile vile, ila faida mkulima anaiona kwenye tenga lake msimu huo huo. Miaka ya 1980 walipoletewa mbuzi wa maziwa kutoka Norway kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, waliwapokea. Walipata maziwa ya watoto, na samadi ikabaki shambani.

Karibu zaidi na wakati wetu, mwaka 2011 lilianzishwa shirika la Sustainable Agriculture Tanzania mjini Morogoro, likiwa na Janet Maro, mhitimu wa Sokoine, miongoni mwa waanzilishi. Kituo chao cha mafunzo kiko Vianzi, nje ya mji. Wanafundisha mboji, matandazo, kinga za maji na dawa za wadudu za mimea, na mwanafunzi anafundishwa huku ameshika jembe. Kinachotuvutia sisi ni kifaa kimoja cha bei ya bure: fito tatu zilizofungwa mfano wa herufi A, na katikati inaning'inia kamba yenye jiwe. Mkulima hukitembeza kifaa hicho ubavuni mwa mlima, na kamba ikitulia katikati, hapo ndipo pa kuchimba kinga ya maji. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukitumia. Laiti kingepanda mlima mwaka 1950 badala ya karatasi ya faini.

Soko nalo limebadilika. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina viwango vyake vya mazao ya kilimo hai na alama ya Kilimohai. Hatudanganyi: tenga la kabichi isiyopigwa dawa likifika Kariakoo usiku, dalali hulipanga pamoja na mengine na bei ni moja. Ndiyo maana hatukuwaahidi wakulima utajiri. Tuliwaeleza kuhusu gharama ya dawa na mbolea watakayoiacha dukani, na kuhusu udongo utakaobaki.

Wajumbe wetu walipopanda kuomba eneo, walipokelewa kwa uji wa tangawizi, kisha bibi mmoja akauliza lile swali la 1955, karibu neno kwa neno: mkishatengeneza, shamba litakuwa la nani?

Tulirudi Dar es Salaam bila jibu. Tulibishana kikao kizima, maana baadhi yetu walitaka hati kwa jina la chama ili fedha za wafadhili zilindwe. Mwisho tuliandika makubaliano, nakala moja ikabaki kwa ukoo. Ardhi inabaki yao. Nusu ya eneo italimwa kama walivyozoea, nusu kwa mboji na kinga za maji, mazao yale yale, na wao ndio watakaopima mavuno. Misimu mitatu ikipita na nusu yetu haina tofauti, tutaondoka.

Kwa hiyo mtaona katika fomu ya michango kwamba hatuombi fedha za uzio wala za nyumba ya msimamizi. Tunaomba bati za banda la darasa, mifereji ya bati ya kukinga mvua na tangi la maji, kama jengo la soko la Kariakoo la mwaka 1975 lilivyobuniwa kuvuna mvua kwa paa lake. Majembe wamesema watakuja nayo wenyewe.