Nyumba za Mizuka na Mkesha wa Oktoba 31: Historia Fupi ya Biashara ya Hofu

Kila mwaka, wakati sisi Walutheri tunapoikumbuka siku ya Matengenezo ya Kanisa, mamilioni ya watu nchini Marekani huuadhimisha usiku uleule wa Oktoba 31 kwa namna nyingine kabisa. Huvaa vinyago, huwasha taa ndani ya maboga, na wengi wao hulipa kiingilio ili waingie katika nyumba zilizotengenezwa makusudi kuwatisha. Desturi hiyo imeanza kupiga hodi kwetu. Baadhi ya hoteli na kumbi za Nairobi na Dar es Salaam hutangaza karamu za Halloween, na vijana wa sharika zetu huwauliza wachungaji wao kama Mkristo anaweza kushiriki.

Ni rahisi kujibu swali hilo kwa neno moja. Lakini kabla ya kujibu yafaa tuijue historia. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo mawili ya Oktoba 31 yana undugu kuliko inavyodhaniwa, kwa maana yote mawili yanahusu hofu ya wafu inayouzwa kwa fedha. Tutaonyesha pia kwamba kwa mtumishi wa Mungu katika uwanda huu wa kati, toka Msalato hata Mvumi, swali zito si vinyago na maboga, bali ni hofu isiyo na mlango wa kutokea.

1. Mkesha wa Watakatifu Wote

Jina Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Sikukuu ya Novemba 1 ilienezwa katika milki ya Wafaranki mwaka 835, wakati wa Papa Gregori wa Nne. Mwishoni mwa karne ya 10 Odilo, abati wa Cluny, aliiweka Novemba 2 kuwa siku ya kuwaombea marehemu wote. Hivyo siku hizo mbili zikawa majira ya kuwafikiri wafu, na kadiri mafundisho ya toharani yalivyokua, majira hayo yakajaa hofu. Mtu aliwaza juu ya mateso ya mama yake aliyekufa, na juu ya mateso yanayomngojea yeye mwenyewe.

Penye hofu hakukosekani mfanyabiashara. Kanisa la ngome huko Wittenberg lilikuwa kanisa la Watakatifu Wote. Mtawala Frederick Mwenye Hekima alikusanya humo masalio ya watakatifu, na orodha iliyochapishwa mwaka 1509 pamoja na michoro ya Lucas Cranach ilihesabu vipande 5,005. Waliokuja kuyatazama masalio hayo katika siku zilizowekwa na kutoa sadaka iliyotakiwa waliahidiwa kupunguziwa adhabu ya toharani. Wakati huohuo, katika majimbo ya jirani, Johann Tetzel alikuwa akihubiri vyeti vya msamaha. Nusu ya mapato yake ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma, na nusu ya pili ilikwenda kulipa deni ambalo Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alidaiwa na nyumba ya kibenki ya Fugger.

Wanahistoria wangali wakibishana iwapo Luther alizipigilia hoja zake 95 mlangoni. Lililo hakika ni kwamba barua aliyomwandikia Albrecht pamoja na hoja hizo ina tarehe ya Oktoba 31, 1517, yaani mkesha wa sikukuu ambayo umati ungefurika Wittenberg. Tunapoisoma barua hiyo tunamwona mchungaji anayewahurumia washarika wake. Watu wameaminishwa kwamba fedha inaweza kuwapa usalama wa roho, na hofu yao imegeuzwa kuwa mtaji wa wengine.

2. Hofu inageuka kuwa mchezo

Karne zilipopita, hofu ya wafu katika Ulaya iliingia katika soko jingine. Mwaka 1799, Étienne-Gaspard Robertson alifungua maonyesho ya mizuka mjini Paris katika nyumba ya watawa Wakapuchini iliyoachwa ukiwa baada ya Mapinduzi. Watazamaji waliketi gizani, naye kwa taa na vioo akatupa picha za wafu juu ya moshi. Robertson hakuficha kwamba hiyo ilikuwa kazi ya taa. Alidai kwamba yeye ni mtu wa sayansi, wala si mchawi. Mwaka 1802 Marie Tussaud alifika Uingereza na sanamu zake za nta, na mwaka 1835 akapata makao ya kudumu London, ambako chumba cha wauaji na waliokatwa vichwa kilivuta watu wengi. Nyumba ya mizuka ya kwanza inayoendeshwa kwa mitambo, ambayo ingalipo hata leo, ilitengenezwa nchini Uingereza mwaka 1915 na kampuni ya Orton and Spooner. Ilitumia nguvu ya mvuke.

Nchini Marekani, desturi za mkesha huo zilipelekwa na wahamiaji kutoka Ireland na Scotland katika karne ya 19. Wakati wa dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930, vijana waliutumia usiku huo kuharibu mali za watu. Ndipo wazazi na viongozi wa miji walipowatengenezea burudani. Waliwapitisha katika vyumba vya chini vyenye giza, wakiwagusisha vitu baridi na kuwasikilizisha sauti za kutisha. Kwa hiyo chimbuko la nyumba hizo huko lilikuwa njia ya ulezi, ya kuwaondoa vijana mitaani.

Biashara kubwa ilifuata baadaye. Agosti 9, 1969, bustani ya Disneyland huko California ilifungua jumba lake la mizuka. Katika miaka ya 1970, vikundi vya vijana wa Jaycees viliendesha nyumba kama hizo katika miji mingi ili kuchangisha fedha za misaada. Walipoona jinsi watu wanavyopanga foleni, wenye mitaji binafsi nao wakaingia. Kazi yenyewe si nyepesi. Mwenye nyumba hulipa pango, bima, mafundi na waigizaji, lakini mapato yake karibu yote hupatikana katika majuma machache ya Septemba na Oktoba. Ndiyo maana watu huingizwa kwa vikundi vidogo na kwa saa zilizopangwa, ili kila kikundi kishtuke upya na foleni isisimame.

Yatupasa kutambua jambo moja katika biashara hiyo. Mnunuzi anajua. Anajua kwamba damu ile ni rangi na maiti yule ni kijana anayelipwa mshahara. Hulia kwa hofu, kisha hutoka nje akicheka, kwa kuwa mlango wa kutokea upo na tangu mwanzo ameambiwa kwamba upo.

Mlango huo usipokuwapo, mchezo hugeuka kuwa msiba. Mei 11, 1984, moto ulizuka katika Haunted Castle, nyumba ya mizuka ndani ya bustani ya Six Flags Great Adventure huko New Jersey. Haikuwa na mitambo ya kunyunyiza maji wala ving'ora vya moshi. Vijana 8 walikufa ndani ya njia zile nyembamba zenye giza. Mwaka uliofuata mahakama iliiona kampuni haina hatia ya jinai, lakini baada ya msiba huo masharti ya usalama wa moto kwa nyumba za namna hiyo yalikazwa.

3. Wahubiri wanaifuata njia hiyo

Haikuchukua muda Wakristo nao wakaingia humo. Mwaka 1972, chuo alichokianzisha Mchungaji Jerry Falwell huko Virginia kilianza nyumba yake ya kutisha, inayomalizikia katika mahubiri ya kifo na wokovu. Katika miaka ya 1990, Mchungaji Keenan Roberts wa Colorado aliyauzia makanisa mengine vifaa na maelekezo ya kutengeneza nyumba za jehanamu. Humo wageni hupitishwa katika maigizo ya dhambi na mauti, kisha huonyeshwa mateso ya milele, na mwishoni hutakiwa kuamua.

Hatuna haja ya kutilia shaka bidii ya ndugu hao. Hata hivyo, kilichobadilika ni kikubwa. Katika nyumba ya mizuka ya kawaida muuzaji husema, "Huu ni mchezo." Katika nyumba ya jehanamu husema, "Hii ni kweli, na mlango wa kutokea ninao mimi." Hapo tumerudi karibu sana na Tetzel. Hukumu ya Mungu ni fundisho la Maandiko, nasi hatuwezi kulifuta. Lakini kumsukuma mtu kwenye neema kwa kumshtua mwili ni kutegemea kitu kingine mbali na Injili.

4. Kwetu hofu si mchezo

Je, Waafrika hawakujua hofu ya kuigiza? La hasha. Wamakonde wana ngoma ya mapiko, ambayo mchezaji wake huvaa kinyago. Kwa desturi ya zamani, wanawake na watoto waliambiwa kwamba yule ni roho ya mfu, nao walimkimbia. Lakini kijana alipotiwa jandoni alifunuliwa siri, akajua kwamba chini ya kinyago yupo mtu. Wazee walimpitisha kijana katika hofu ili aishinde na kuwa mtu mzima.

Lakini ipo hofu nyingine ambayo hakuna aliyeifunua. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi kama gundi kilichotumiwa kuwa dawa. Inaongeza kwamba watu wengi waliamini ni damu ya wanadamu waliouawa, na kwamba uvumi ulipoenea, watu wa mjini waliogopa kutoka nje baada ya jua kutua. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha jinsi uvumi wa namna hiyo ulivyozagaa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ukiwahusisha wazimamoto, magari, vyombo vya hospitali na wageni wasioeleweka kazi yao.

Uvumi huo haukuisha pamoja na ukoloni. Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji na kuchomwa moto. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Taarifa za polisi zilizotangazwa wakati ule zilisema kwamba mwito wa kuwakusanya watu ulitolewa kwa kipaza sauti cha kanisa.

Ndugu wasomaji, jambo hili halikutokea mbali. Lilitokea katika mkoa huu wa Dodoma, ambamo sisi na ndugu zetu Waanglikana wa Msalato tunawaandaa wahubiri. Hakuna aliyekata tiketi siku ile, wala hapakuwa na mtu wa kusema, "Huu ni mchezo." Palikuwa na hofu ya kale, na palikuwa na chombo cha kanisa kilichoipa sauti.

5. Hitimisho

Historia hii inatufundisha kupima. Kijana anayeuliza juu ya karamu ya Halloween anastahili jibu la upole na la busara. Anaweza kushauriwa kwamba kifo si kitu cha kuchezea, wala fedha yake haikosi kazi bora. Lakini tusitumie nguvu zetu zote kupiga vita maboga ya nchi za mbali, huku tukikaa kimya juu ya mumiani, juu ya vikongwe wanaoshukiwa uchawi, na juu ya mahubiri yanayoorodhesha majina ya mapepo kuliko yanavyomtaja Kristo.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 2, wasema kwamba Kristo alishiriki damu na mwili ili awaweke huru wale ambao hofu ya mauti iliwatia utumwani maisha yao yote. Naye Yohana, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, aifukuza hofu kwa pendo. Hiyo ndiyo kazi tuliyokabidhiwa. Siku ya Matengenezo inapofika, pamoja na kuwasimulia washarika habari za nyundo na mlango wa Wittenberg, hatuna budi kujiuliza: je, mahubiri yetu ya mwaka mzima yamewapunguzia watu hofu, au yamewaongezea? Na mgeni akifika kijijini na vyombo asivyovifahamu mtu, kipaza sauti chetu kitasema nini?