Amani ya Kusema

Amy Edmondson, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika mwaka 1999 makala iliyoeneza istilahi ambayo leo haikosi kwenye semina za uongozi. Kwa Kiswahili tumeifasiri neno kwa neno: usalama wa kisaikolojia. Ni hali ya kikundi ambamo mtu huuliza, hupinga au hukiri kosa bila kuogopa kuaibishwa wala kuadhibiwa. Kikamusi tafsiri hiyo haina kosa. Ila jaribu kuitamka Awendo.

Awendo ni mji wa miwa nchini Kenya, na kiwanda cha sukari cha SONY kipo pale tangu 1979. Huko usalama ni kofia ngumu, gambuti na askari wa getini; saikolojia ni mambo ya mshauri nasaha. Ukiyaunganisha maneno hayo mawili, mkata miwa atadhani unamtuma akapimwe akili.

Na yeye ndiye anayeihitaji istilahi hii. Niliwahi kusimama shambani na kikosi cha wakataji, asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Kijana mmoja alininong'oneza kwamba wanakata juu mno. Nikatazama chini: visiki vilikuwa vimebaki karibu shibiri nzima. Sehemu ya chini ya mua ndiyo yenye sukari nyingi, na kisiki kirefu huharibu pia machipukizi ya msimu unaofuata. Nikamuuliza mbona hamwambii nyapara. Akakung'uta panga lake, akasema, "Aliyesema wiki jana hakupewa mstari wa kukata tena." Trekta liliondoka limejaa, na utamu mwingine ukabaki ardhini.

Neno nyapara lenyewe lina historia inayonigusa. Limetoka kwa Wanyamwezi: katika misafara ya karne ya 19, mnyampara alikuwa mkuu wa wapagazi, na yeye ndiye aliyewasemea mbele ya tajiri. Baadaye, mashambani na magerezani, likageuka jina la anayesimama juu ya wenzake. Aliyekuwa mdomo wa kikundi akawa jicho la bwana. Sijui neno jingine la kazi ambalo limepoteza mengi kiasi hicho.

Kimya cha namna hiyo hakiko mashambani tu. Kabla ya makala ile ya 1999, Edmondson alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu zinazoelewana ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipofuatilia, ikaonekana kwamba tofauti ilikuwa katika kusema. Kwingine makosa yalifichwa. Kiongozi anayejisifu kwamba kikosi chake hakina malalamiko aanze kuhangaika hapo.

Basi hali hiyo ya kusema bila hofu tuiiteje? Wapo wanaopendekeza uhuru wa kusema, lakini huo ni haki ya raia, umo katika Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya, na haukumsaidia kijana yule kupata mstari. Wengine husema ujasiri. Hapo nakataa kabisa, kwa sababu ujasiri humtwika mzigo mnyonge, kana kwamba kasoro ni moyo wake mdogo. Edmondson alisisitiza kwamba hii ni sifa ya kikundi kizima, si ya mtu mmoja. Mimi natumia amani ya kusema. Amani haiwi ya mtu mmoja. Huwekwa na watu, na mwenye nguvu ndiye huanza kuiweka.

Nimeiona ikiwekwa, katika shamba jingine, na nyapara mzee. Kila alfajiri, kabla ya kugawa mistari, alianza na kosa lake mwenyewe: jana nilichelewesha trekta, miwa ikalala shambani ikipoteza sukari. Kisha akauliza, "Na mimi sikuona nini?" Siku niliyokuwepo, msichana mdogo kuliko wote kikosini alinyoosha mkono, akamwita mzee kwa Kijaluo. "Jaduong', kule mwisho tunaacha visiki virefu."

Mzee akachukua panga lake. "Twende unionyeshe."