Mahusiano ya wanafunzi (Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania)

Mahusiano ya wanafunzi ni ufahamiano anaoujenga mtu akiwa masomoni, na wanafunzi wenzake, walimu wake na watu wa nje ya shule, ukabaki naye baada ya kuhitimu. Tanga ina mifano ya zamani ya jambo hili. Ufahamiano wa shuleni ulilisha gazeti, ukasaidia kuzaa chama cha watumishi, na mtu wa Tanga akawa miongoni mwa marafiki wa chuoni walioingia pamoja katika siasa za kudai uhuru wa Tanganyika.

Shule ya Tanga na gazeti la Kiongozi

Mwaka 1892 Wajerumani walifungua shule mjini Tanga, ambayo baadaye ikawa shule ya serikali. Ilifundisha kwa Kiswahili, ikatoa makarani, walimu na maakida, yaani watawala wadogo wa serikali ya Kijerumani. Wengi wao walipangiwa kazi bara, mbali na ndugu na jamaa.

Kilichowaunganisha ni Kiongozi, gazeti lililochapwa shuleni hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1916. Lilikuwa gazeti la serikali, lakini waliolijaza ni wasomaji wake wenyewe: mwalimu wa bara alituma habari za huko aliko, karani naye akatuma shairi. Aliyesoma Tanga alijua mwenzake yuko wapi na anafanya nini, ingawa safari ya kumfikia ingechukua wiki kadhaa za kutembea kwa miguu.

Kayamba na chama cha 1922

Misheni ya Kianglikana ya UMCA nayo ilikuwa na chuo chake Kiungani, Unguja, kilichopokea vijana wa Ubondei, jirani na Tanga, na wa sehemu nyingine za bara. Miongoni mwao alikuwemo Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Alifanya kazi Kenya na Uganda, akashikiliwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaingia katika utumishi wa Waingereza mjini Tanga.

Wasomi wa mji huo walitoka katika njia mbili. Wapo waliolelewa na misheni, Wakristo, na wapo waliopitia shule ya serikali, wengi wao Waislamu. Mwaka 1922 Kayamba aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, kilichowaweka pamoja watu wa dini zote mbili na wa makabila mbalimbali. Mwaka 1931 yeye, Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Safari hiyo Kayamba aliisimulia kwa Kiswahili katika kitabu.

Chama hicho kilikuwa na mpaka wake: kilikuwa cha watumishi wa serikali. Kibarua wa shamba la mkonge, ambaye jasho lake ndilo lililoubeba uchumi wa Tanga, hakuwamo.

Kutoka Makerere

Katika miaka ya 1940 Hamza Mwapachu, mtu wa Tanga, alifahamiana na Julius Nyerere na Andrew Tibandebage katika chuo cha Makerere, Uganda, ambako waliunda umoja wa wanafunzi wa Tanganyika. Baadaye Mwapachu na Nyerere walikutana tena Tabora, wakashiriki pamoja katika tawi la Chama cha Waafrika, TAA. Kwa maelezo ya mwanahistoria Mohamed Said, viongozi wa TAA wa Dar es Salaam walimfuata Mwapachu Ukerewe, alikokuwa akifanya kazi, kutaka ushauri wake kabla Nyerere hajachaguliwa rais wa chama hicho mwaka 1953. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai, kikazaliwa TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika.

Kujuana na kufahamiana

Neno "kujuana" lina doa Tanzania, kwa sababu hutajwa pale kazi inapotolewa kwa undugu badala ya uwezo. Kufahamiana ni jambo jingine: ni kujua nani anafanya nini, na kujulikana kwa kazi yako. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba, kati ya watu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, zaidi ya nusu walikuwa wakionana na mtu huyo mara mojamoja tu. Marafiki wa karibu huwa na habari zilezile tulizo nazo. Habari mpya huletwa na wa mbali.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekwenda kufanya mafunzo kwa vitendo bandarini Tanga au Hospitali ya Bombo asiishie kukaa na wenzake aliokuja nao. Amsalimie fundi, amuulize karani, aache namba yake ya simu, na akirudi chuoni akumbuke kuwashukuru. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kayamba: Waislamu waliojiunga na chama chake hawakusoma naye Kiungani, kilichokuwa chuo cha misheni. Alikutana nao Tanga, kazini.