Faili linaloitwa core

Wasomaji wangu, kama programu ya seva imewahi kuwafia usiku, huenda mmekutana na faili linaloitwa core. Leo niwaeleze jina hilo limetoka wapi, maana mimi nililijua baada ya mtu mwingine kuingia taabuni kwa ajili yangu.

Mwaka 2007, hapa Machakos, nilikiandikia chama kimoja cha akiba na mikopo programu ya seva kwa lugha ya C. Kila mwisho wa mwezi, taarifa za wanachama zikichapishwa, inakufa. Wakubwa wakamshuku kijana aliyekuwa akiingiza data kwamba anaichezea mashine. Kazi yake ikawa hatarini, nami nikanyamaza.

Zamani ushahidi haukupotea upesi hivyo. Mwaka 1953 kompyuta ya Whirlwind pale MIT, Marekani, ilifungwa kumbukumbu ya pete ndogo za feraiti, zilizotungwa kwenye nyaya kama shanga. Kila pete ilibeba biti moja, na pete hiyo ndiyo iliyoitwa core. Umeme ukikatika, usumaku unabaki. Chombo cha anga cha Challenger kiliposambaratika tarehe 28 Januari 1986, kompyuta zake ziliopolewa baharini na kumbukumbu zake zikasomwa!

Watu wa Unix pale Bell Labs walilirithi jina. Mwongozo wao wa kwanza, wa Novemba 1971, tayari unalieleza faili la core: picha ya kumbukumbu ya programu pale inapokufa. Baadaye pete zikaondoka, ikaja silikoni inayosahau yote umeme ukizimika. Jina likabaki.

Basi nikaitafuta core yangu. Hakuna! Kumbe kikomo cha ukubwa wake kilikuwa 0. Nikaweka ulimit -c unlimited katika skripti inayowasha seva. Mwezi uliofuata ikafa tena, faili halipo: programu ilikuwa inafanyia kazi kwenye saraka ya /, ambako haina ruhusa ya kuandika. Nikabadilisha /proc/sys/kernel/core_pattern ili faili liende saraka nyingine. Mara ya tatu nikalipata. Nikalifungua kwa gdb pamoja na programu yenyewe, nikaandika bt, nikaona sehemu za programu zilivyoitana hadi pale ilipofia.

Ilifia kwenye mstari wangu. Mama mmoja wa vilima vya Mua hakuwa na simu. Nafasi ya namba yake ilikuwa NULL, nami nikaipitisha kwa strlen bila kuiangalia kwanza. Nilienda ofisini nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu. Kijana akabaki kazini.

Siku hizi Linux nyingi zenye systemd zinaweza kuwatunzia mafaili haya. Jaribuni coredumpctl list. Ila hakikisheni leo, seva ikiwa hai. Na mkilipata, lilindeni vizuri: ndani mna majina na pesa za watu.