Nati Zilizogoma



Nilikuwa nikifufua injini ya Land Rover yangu kuukuu katika gereji pale Usagara, barabara ya Kigongo inapoachana na ile ya Shinyanga. Nati za ekzosi zilishikwa na kutu. Kwa pupa niliivuta ya kwanza kwa nguvu zote; bolti ikakatikia ndani.

Fundi hakunicheka. Alizisugua zilizobaki kwa brashi ya waya, akazilowesha mafuta, tukalala. Asubuhi akazipasha moto, akazigonga taratibu kwa nyundo, akazikaza kidogo kwanza ndipo akazilegeza. Zote zikatoka nzima.

Hapo nilikumbuka somo la historia juu ya meli ya Kigoma, Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika ili adui asiipate. Lakini kwanza mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Miaka karibu minane majini, na kutu haikuzishinda! Gari langu lilikuwa nchi kavu, ila mwenyewe sikulijali.

Basi, wanafunzi, mfungapo nati, zipakeni grisi nyuzi zake. Waliopaka grisi ile Kigoma sio waliokuja kuifaidi. Hata hivyo kazi yao haikupotea.